Kiti Kinachokanda Mgongo Usiokiegemea

Kiti kilikuja na kirikuu, ndani ya boksi lililopandishwa ngazi na vijana wawili hadi ghorofa ya tatu, maana lifti ya jengo lile ina tabia ya kugoma siku yenye mzigo. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Rafiki yangu ni mhasibu, ana ofisi ya watu sita hapo Kariakoo, na Juni ndiyo humkosesha usingizi: kampuni zinazofunga hesabu Desemba hupewa miezi sita kuwasilisha ritani zake za kodi, na wenye kampuni, kama tujuavyo, huikumbuka miezi hiyo sita ikiwa zimebaki wiki tatu. Kwa hiyo anakaa. Anakaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na siku nyingine anapitiliza. Mgongo wake ulianza kulalamika mwaka juzi. Mwaka huu akaamua kuunyamazisha kwa fedha: shilingi 480,000, kiti cha bosi, cheusi, chenye mgongo mrefu hadi kisogoni na rimoti ya waya, na boksi lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba kinafanya masaji sehemu saba.

"Kaka, njoo ukikalie mwenyewe," akaniambia kwenye simu. "Utanilaumu kwa nini sikukwambia mapema."

Nilikwenda, nikakikalia, na sitasema uongo: dakika kumi za kwanza nilimwonea wivu. Kulikuwa na mtetemo wa polepole unaopanda kutoka kiunoni hadi mabegani, halafu unashuka, kama paka anayekoroma ndani ya mto. Dakika ya 15 kikazima chenyewe.

"Kimechoka?" nikauliza.

"Kimejipumzisha," akajibu, akabonyeza tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikiwaza kile kiti zaidi ya inavyompasa mtu asiyekilipia. Mimi pia naishi kwa kukaa, na mgongo wangu si wa kujivunia. Nilichokuja kuamini ni kwamba rafiki yangu hakutapeliwa. Alinunua starehe halali, akaiweka mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.

Tuanze na kilichomo ndani. Nyuma ya kiti kuna zipu, nami niliifungua mwenyewe akiwa ametoka kwenda benki. Ndani ya sponji mna vijidude saba vya duara, kila kimoja kama kopo dogo la dawa ya viatu. Kila kopo lina mota ndogo ambayo ncha yake imefungwa kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, chuma kile kinaiyumbisha, na kopo zima linatetemeka. Ndivyo hasa simu yako inavyotetemeka juu ya meza. Adapta ya ukutani inatoa volti 12 na ampia 2, yaani wati 24 za kugawana mota saba pamoja na waya wa joto uliopitishwa kiunoni. Feni ya mezani hula zaidi ya hapo.

Mashine ambayo kweli inakanda ni kitu kingine kabisa. Ile ina magurudumu yanayopanda na kushuka kwenye reli kufuata mkunjo wa uti wa mgongo, yakibana na kuachia kama vidole gumba. Mara nyingi huwa na uzito unaopita kilo 80, bei yake ni ya mamilioni, na haiwekwi matairi kwa sababu hakuna anayetarajia uisukume kwenda kupokea simu. Vitu hivi viwili vinauzwa kwa jina moja, kiti cha masaji, na mteja anayetazama picha kwenye simu yake usiku hana namna ya kuvitofautisha isipokuwa kwa bei, ambayo yeye huisoma kuwa ni bahati.

Na hilo joto! Kitufe chekundu kwenye rimoti, kimewekwa kana kwamba Dar es Salaam inasumbuliwa na theluji. Nilimwambia rafiki yangu kwamba mjini hapa kitimoto kina maana nyingine, na chenyewe angalau huja na ndizi.

Lakini kasoro ninayoizungumzia sikuiona siku ile ya kukijaribu. Niliiona siku tatu baadaye, nilipompitia saa kumi jioni tukale. Nilisimama mlangoni, hakuniona. Alikuwa ameinamia kompyuta yake ya mapajani, pua iko shibiri mbili kutoka kwenye kioo, mabega yamepanda karibu na masikio. Kati ya mgongo wake na mgongo wa kiti palikuwa na nafasi ya kupitisha mtoto wa shule na begi lake. Kiti kilikuwa kinanguruma. Mota zote saba zilikuwa zinakanda hewa.

Ukiitazama picha ile kwa makini, hakuna ajabu ndani yake. Ili mtetemo ukufikie, sharti uegemee. Ukiegemea kiti kile kinene, mikono haifiki kwenye kibodi, maana mikono ya kiti imegonga ukingo wa meza na kukuzuia usisogee karibu. Ukijilazimisha kuandika ukiwa umeegemea, tarakimu zinacheza machoni: 8 inakuwa 3, na kwa mhasibu hilo si jambo la kuchekea. Basi mtu huchagua moja. Anafanya kazi, au anakandwa. Mwezi wa ritani kila mtu anajua atachagua lipi.

Historia ya chombo hiki ingeweza kutuonya. Kiti cha masaji cha kwanza kutengenezwa kwa wingi kilitoka Japani, mjini Osaka, mwaka 1954, mikononi mwa Nobuo Fujimoto, aliyekiunda mwanzoni kwa vyuma chakavu na mipira. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye mabafu ya umma. Wakati ule kaya nyingi za Japani hazikuwa na bafu ndani. Watu walikwenda kuoga pamoja mtaani, na wakitoka kwenye maji ya moto, mwili umelegea, hawana haraka ya kwenda popote, walikikuta kiti kile kikiwasubiri. Mwogaji alikuja kukaa akiwa amemaliza siku yake. Hakuna aliyebeba daftari la hesabu. Sisi tumekichukua kiti cha bafuni, tukakipachika matairi matano, tukakisukuma chini ya meza ya kazi, halafu tunashangaa kwa nini hakifanyi alichokusudia Fujimoto.

Mtu atasema: sawa, lakini masaji si inatibu mgongo? Inategemea unamuuliza nani na unataka nafuu ya muda gani. Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, walipitia majaribio 25 ya masaji kwa watu wenye maumivu ya kiuno. Walikuta nafuu ya muda mfupi ukilinganisha na watu ambao hawakufanyiwa kitu. Muda ulipopita tofauti ikayeyuka, na ushahidi wenyewe waliupa daraja la chini. Shirika la Afya Duniani nalo, Desemba 2023, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Masaji imo miongoni mwa yanayoweza kutolewa, ikiwa pamoja na mazoezi na elimu ya kumwezesha mgonjwa ajitunze mwenyewe. Mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kila kona ya mji, mwongozo unashauri isitumike kama jambo la kawaida. Na tatizo lenyewe si dogo: shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050.

Ila masaji inayozungumzwa huko kwa sehemu kubwa ni mikono ya mtu. Hapa ndipo mimi, mtu wa pwani, ninaposhindwa kunyamaza. Neno letu ni kuchua. Mchuaji anayejua kazi yake atakuuliza panauma wapi, utamwonyesha, naye atakuitikia kwa adabu, kisha vidole vyake vitaanza kutafuta vyenyewe bila kukuamini. Umesema kiuno, yeye anakwenda kwenye paja. Umesema bega, anabonyeza chini ya kisogo hadi machozi yanakutoka, halafu anasema, "Ehee, mwenyewe huyu hapa." Mama aliyejifungua hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto katika zile siku arobaini, na anayemkanda huwa mama yake, au shangazi, au mkunga mzee wa mtaa, mtu ambaye huku mkono unafanya kazi macho yanamsoma: amekula? amelala? analia kwa nini? Mashine ina mota saba na zote hazijui unaitwa nani. Na kuna jambo jingine dogo linalosahaulika. Anayechuliwa amelala chali au kifudifudi. Hawezi kujibu barua pepe. Nusu ya dawa, nashuku, iko hapo.

Kama mtetemo wenyewe ungekuwa dawa, basi hakuna mtu mjini ambaye angekuwa na mgongo mzuri kuliko dereva wa daladala. Yeye hutetemeshwa bure tangu alfajiri kwa injini ya dizeli iliyo jirani na goti lake. Ukweli ni kinyume: mtetemo wa mwili mzima ni hatari ya kazi inayotambulika, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2002 una agizo linaloweka kikomo cha mtetemo anaoruhusiwa kupata mfanyakazi kwa siku. Sitaki kutisha watu. Mtetemo wa kiti cha ofisini ni mdogo mno kulinganisha na wa basi, na sidhani utamdhuru mtu mwenye afya. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, na aliyewahi kuganda damu miguuni waulize daktari kwanza, na vijitabu vinavyokuja na viti hivi husema hivyohivyo, kwa maandishi ambayo ni lazima uvae miwani. Ninachosema ni kwamba kutetemeka na kukandwa ni mambo mawili, na la kwanza limeazima heshima ya la pili.

Sasa tuje kwenye mgongo wenyewe. Matangazo ya viti hupenda kusema kwamba kukaa kunaugandamiza uti wa mgongo kuliko kusimama. Dai hilo lina baba yake: Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, ambaye miaka ya 1960 aliingiza sindano zenye vipimo katikati ya pingili za watu walio hai na kupima shinikizo. Alikuta aliyekaa ana shinikizo kubwa kuliko aliyesimama, kwa kama asilimia 40. Takwimu hiyo imeuza viti vingi. Isiyosimuliwa sana ni ya mwaka 1999, pale Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani walipopandikiza kipimo cha kisasa kwenye diski, ule mto ulio kati ya pingili, ya mtu mmoja aliyejitolea, wakamwacha aishi nacho karibu siku nzima: akae, asimame, anyanyue kreti, acheke, alale. Akiwa amesimama kipimo kilisoma shinikizo la megapaskali 0.50. Akiwa amekaa kwa kujiachia, 0.46. Kwa maneno mengine, kukaa peke yake hakukuwa yule shetani anayechorwa kwenye matangazo.

Mtu mmoja ni mtu mmoja, na sitajenga nyumba juu yake. Ila jambo walilolisisitiza watafiti wale limenikaa kichwani. Diski zilizo kati ya pingili za mtu mzima hazina mishipa ya damu ya maana ndani yake. Chakula chake huingia kwa maji kunyonywa na kukamuliwa, kama sponji ya kuoshea vyombo, na kinachoikamua na kuiachia ni wewe kubadilisha mkao. Ukiinuka, ukikaa, ukijinyoosha, ukiegemea, sponji inafanya kazi. Ukikaa vilevile saa tatu, hata kwa mkao uliosifiwa na kila mtaalamu, sponji imetulia. Kinachoudhi mgongo ni kuganda, na hapo ndipo ninapokiona kiti kile kwa jicho baya. Uzuri wake wote umeundwa ili usitamani kuinuka. Mwili unapoanza kuchoka hukupigia kengele: matako yanakufa ganzi, kiuno kinakaza, unatamani kwenda kuchota maji hata kama huna kiu. Kengele hiyo ndiyo mkombozi wako. Mota saba zinaifunika kwa muungurumo, unapata dakika 15 nyingine, kisha nyingine.

Niliposema haya ofisini kwa rafiki yangu, dada anayepokea wageni alicheka. "Wewe unazungumzia mgongo," akasema. "Bosi kanunua kiti."

Alikuwa amesema kitu kikubwa kuliko alivyodhani, au pengine alijua. Kwa lugha yetu kiti hakijawahi kuwa fanicha tu. Anayeongoza kikao ni mwenyekiti, mwenye kiti, wengine wote tuko pale kwa hisani. Wanasiasa hugombea viti, na bungeni kuna viti maalumu. Lamu, Pate na Unguja kulikuwa na kiti cha enzi: mbao nyeusi, nakshi za pembe au mfupa, mgongo ulionyooka wima, wavu wa kamba uliosukwa kwa ustadi, na pa kuwekea miguu. Ukipata bahati ya kukiona kwenye makumbusho, kitazame kama mtu anayetaka kukikalia. Hakina raha hata kidogo. Hakikutengenezwa kwa raha. Kilitolewa kwa mgeni mheshimiwa au mkubwa wa mji ili aonekane amekaa wima, juu, na wengine wako mkekani au barazani. Nyonga za waliokaa mkekani, nina hakika, zilikuwa na nafuu zaidi.

Kiti cha bosi cha siku hizi ni mjukuu wa kile. Urefu wa mgongo wake hauna faida yoyote kwa mtu anayeandika, unatangaza cheo. Ngozi yake bandia inang'aa siku ya kwanza, halafu unyevu na jasho la pwani huishambulia plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na baada ya miaka michache inaanza kubanduka kama nyoka anayevua gamba, vipande vyeusi vinakufuata kwenye suruali hadi nyumbani. Ofisi nyingi nilizopitia zina utaratibu usioandikwa: kiti kipya kinakwenda kwa mkubwa, cha mkubwa kinashuka kwa msaidizi wake, cha msaidizi kwa karani, na kinachoshuka chenyewe kila baada ya nusu saa kwa kuwa gesi imevuja kinaishia kwa mtoto wa mazoezi ya kazi. Anayechapa siku nzima ndiye mwenye kiti kibovu. Anayesaini mara nne kwa siku anakandwa.

Chini ya ngazi hiyo wapo wasio na kiti kabisa. Keshia wa dukani anasimama saa nane, na ukimuuliza atakwambia akikaa ataonekana mvivu. Jambo hili si geni, na kwingine lilibidi litungiwe sheria. Uingereza mwaka 1899 ilipitisha sheria nzima kwa ajili ya viti vya wanawake wauzaji madukani, kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu. Jimbo la Kerala nchini India lilirekebisha sheria yake ya maduka mwaka 2018 baada ya wanawake wa maduka ya nguo kupigania kwa miaka haki ya kukaa, na Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 ina kifungu kinachomtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi pamfae mfanyakazi. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa kuisimamia, lakini ukimtajia mtu OSHA anawaza kofia ngumu na mtungi wa kuzimia moto. Sijamsikia anayewaza kimo cha meza.

Nami nasema meza ndiyo ingetangulia kabla ya kiti. Meza nyingi za ofisini zina kimo cha sentimita 75 hivi, na za mafundi wetu huzidi, kwa sababu fundi hupima kwa mazoea na mteja hupima kwa macho. Meza ikiwa juu, mabega yanapanda. Ukipandisha kiti kuifuata, miguu inaning'inia. Hapo hakuna masaji itakayokufaa. Nilimshauri rafiki yangu amwite fundi wa Keko aje na msumeno. Alinitazama kama niliyemshauri auze nyumba. Mwishowe fundi akaja, akakata sentimita nne kwenye kila mguu, akachukua elfu ishirini na nauli. Kwa dada wa mapokezi, ambaye ni mfupi, alitengeneza kibao cha kuwekea miguu kwa masalia ya mbao. Kisha tukainua kompyuta juu ya rimu mbili za karatasi, tukanunua kibodi na kipanya vya pembeni. Pua ya mhasibu ikarudi mahali pake. Gharama yote haikufika robo ya bei ya kile kiti.

Kiti chenyewe je? Kwa fedha ileile ningekwenda kwenye mitumba. Ofisi za Ulaya hubadilisha fanicha kwa sababu zao, na viti vyake hufika huku vikiwa na umri lakini na mifupa mizima. Tafuta kinachopanda na kushuka, kinachokubali kulala kidogo ukiegemea na kurudi ukiinuka, ambacho mikono yake inashushwa ikapita chini ya meza, na chenye mgongo wa wavu, maana kwa joto letu wavu ni bora kuliko ngozi na sponji zote. Kiti cha ofisini kilichosifiwa kuliko vyote katika miongo hii mitatu, Aeron ya Herman Miller, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick na kutoka mwaka 1994, hakina sponji, hakina ngozi, hakina mota hata moja. Walichofanya ni kukitengeneza kwa saizi tatu, kama viatu. Wazo la kwamba watu hawalingani matako linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba ofisi nzima huagiziwa viti ishirini vya namna moja. Ukikikuta cha mtumba, kikalie dakika kumi palepale dukani, usione haya, mwuzaji atazoea.

Aliyekwisha kununua cha kutetemeka asikitupe. Kuna njia moja ya kukitumia ambayo naikubali. Kile kujizima baada ya dakika 15 kichukue kama kipenga. Ulipokiwasha uliacha kazi, ukaegemea, ukafumba macho. Kikizima, inuka, tembea hadi dirishani, nenda kamuulize mwenzako swali ambalo ungemtumia kwa ujumbe. Raha ni raha, na sioni fahari ya kumnyima mtu. Na mgongo unaouma hadi mguu unakufa ganzi, au unaoambatana na homa, au kushindwa kuzuia mkojo, haumhitaji muuza viti wala mwandishi wa makala, upelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nilipita tena pale Kariakoo mwishoni mwa Agosti. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtumba cha kijivu, cha wavu, kinacholia kidogo akigeuka. Akaniambia mgongo bado unamkumbusha, ila si kila siku. Kile cheusi kimehamishiwa kwenye kona karibu na mashine ya fotokopi, kimeelekezwa dirishani, na baada ya chakula cha mchana watu hukipokezana, dakika 15 kila mmoja, bila kompyuta. Waya haumkwazi mtu tena kwa kuwa kiti hakitembei.

Anayekitumia kuliko wote, nimeambiwa, ni mzee wa zamu ya usiku, ambaye kwa miaka sita alikuwa na kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya. Nilimkuta anaingia kazini, nikamuuliza anaionaje masaji. Akanishangaa. Hakujua kwamba kiti kina rimoti.